Aliyecheza hausigeli stejini, halafu akatuandikia mbwa 101

Wengi wetu tuliokulia Dar tumeiona ile katuni ya mbwa weupe wenye madoa meusi, ile ya mama mwembamba mwenye nywele nusu nyeusi nusu nyeupe anayetaka kuwachuna ngozi watoto wa mbwa ashone koti. Kama hukuiona kwenye CD ya Kariakoo basi uliiona kwa jirani, au kibanda umiza siku ambayo mpira hamna na mwenye kibanda kaamua kuwapoza watoto. Na karibu kila ninayemuuliza nani katunga ananijibu Disney. Sio Disney jamani. Katunga bibi mmoja wa Kiingereza anaitwa Dodie Smith, na kitabu chenyewe kilipotoka mwaka 1956 alikuwa na miaka 60, umri ambao huku kwetu serikali inakuaga kwa keki na mabati, ukapumzike.

Ila mbwa nawaweka pembeni kwanza, nitawarudia. Kinachoniwasha ni kwamba huyu bibi alianza kama mwigizaji wa jukwaani, akahangaika miaka na miaka, hakufika popote, mwisho akaenda kuuza dukani. Duka la fanicha. Na mimi nauza fanicha, Keko, vitanda vya mninga na makabati na hizi sofa za kuagiza ambazo kila bibi harusi anazitaka, na kabla ya fanicha nilikuwa naigiza, tulianza na kikundi Temeke tunazunguka na maigizo ya afya, halafu tukaingia kwenye filamu, nikacheza hausigeli. Hausigeli kwenye filamu hii, hausigeli kwenye filamu ile, nabeba juisi kwenye trei, nasema "karibuni," natoka. Kwa hiyo niliposoma maisha ya Dodie Smith na kukuta kacheza hausigeli stejini London nikacheka peke yangu kama chizi.

Hapa mjini mwigizaji akipotea kwenye skrini halafu ukamkuta anauza kitu, kuna neno moja tu: kafulia. Haijalishi anauza nini na anapata ngapi. Kuna mama mmoja alikuja dukani kuangalia meza ya chakula, akaniangalia mimi kuliko meza. "Mwanangu, wewe si ndo yule wa kwenye muvi?" Nikamwambia shikamoo mama, ndo mimi. "Marahaba. Sasa mbona uko huku?" Nikamwambia meza hii ni ya watu sita mama, ukitaka ya nane fundi anakuchongea. Akanunua ya sita, ila jicho lile la pole hakuacha kunipigia mpaka anapanda bajaji.

Sasa tumrudie bibi yetu. Jina la cheti ni Dorothy Gladys Smith, kazaliwa tarehe 3 Mei 1896 mahali panaitwa Whitefield, kaskazini mwa Uingereza. Baba alikuwa meneja wa benki, akafariki mtoto bado mdogo sana, mama akafungasha akarudi kwa wazazi wake Old Trafford. Ndio, Old Trafford hiyohiyo, mashabiki wa Man U tulieni, uwanja ulikuwa bado haujajengwa, umefunguliwa 1910, na mwaka huohuo 1910 mama yake kaolewa tena wakahamia London, yaani binti na uwanja walipishana mlangoni. Kwenye nyumba ya babu walikuwepo babu mwenyewe, bibi, wajomba watatu, mama wadogo wawili na mama yake. Watu wazima wanane na mtoto mmoja. Sisi tuliolelewa kwenye nyumba za babu Magomeni na Ilala tunaijua hiyo hali, tofauti ni kwamba kwetu watoto tulikuwa utitiri, yeye alikuwa yeye tu, masikio yote ya kwake, anasikia wakubwa wanavyogombana, wanavyosuluhishana, wanavyodanganyana kwa upole mezani.

Na ile nyumba ilikuwa na ugonjwa wa maigizo. Babu mtu wa kwenda thieta, wanakaa na mjukuu wanamjadili Shakespeare. Mjomba mmoja, Harold, alikuwa anaigiza kwa kujitolea na ndiye aliyemfungulia binti michezo mipya ya wakati ule. Na mama yake, hapa ndo nilipotulia kidogo, mama yake alitaka sana kuwa mwigizaji na hakufanikiwa, alichopata ni zile nafasi za kupita tu jukwaani bila mstari hata mmoja, ila siku moja alipita kwenye onyesho la Sarah Bernhardt, na Bernhardt alikuwa Mfaransa ambaye dunia nzima ya thieta ilikuwa inamwinamia. Kupita tu. Naijua raha ya kupita tu. Mtu akikuambia nafasi ndogo haina maana huyo hajawahi kusimama pembeni ya mtu anayejua kazi, ukamwona kwa karibu anavyopumua kabla ya kusema.

Dodie aliandika mchezo wake wa kwanza akiwa na miaka kumi. Alipofika London akasoma shule ya wasichana ya St Paul's, halafu 1914 akaingia chuo cha uigizaji, kile ambacho baadaye kilikuja kuitwa RADA. Piga picha mwaka wenyewe. 1914 vita ya kwanza ya dunia inaanza, hapa Dar bado Mjerumani ndo anatawala na manowari za Waingereza zinakuja kuupiga mji mizinga kutokea baharini, na kule London binti wa miaka 18 anajifunza kutembea stejini. Na ndo kipindi hichohicho mama yake akafariki kwa saratani ya matiti. Baba hamna, mama hamna, ndugu wa tumbo moja hana. Alikuwa mfupi, kama futi tano tu, na hakuwa yule mrembo ambaye madairekta walikuwa wanamtafuta wakati ule wala wakati wowote.

Kazi zenyewe alizopata ukizisoma unasikia mpaka kelele za tumbo lenye njaa. Msichana wa Kichina kwenye mchezo mmoja, maana enzi hizo mzungu anapakwa rangi anakuwa Mchina na hakuna anayeuliza. Hausigeli kwenye mwingine. Mama kijana kwenye mwingine. Akawa kwenye kampuni ya maonyesho ya Portsmouth, mji wa bandari. Akaenda Ufaransa na kundi la YMCA kuwachangamsha wanajeshi waliokuwa vitani, na nadhani hawa ndo watazamaji wagumu kuliko wote, mtu kesho anarudi kwenye handaki wewe unataka acheke. Akazunguka na kichekesho mikoani. Akacheza kwenye mchezo wa Galsworthy, mwandishi wa Kiingereza wa wakati ule, na mchezo huo ukamfikisha mpaka Zurich. Ukizipanga hizi kwenye karatasi zinaonekana nyingi, ila aliyewahi kuishi hivyo anajua katikati ya kazi moja na nyingine kuna miezi, na kwenye hiyo miezi kuna kodi.

Akiwa bado mwanafunzi aliandika skripti ya filamu ikauzwa, akaiweka jina la Charles Henry Percy. Jina la kiume kamili, na la katikati juu. Hii tabia ya kujificha aliendelea nayo muda mrefu, tutaiona.

Mwaka 1923 akaachana na uigizaji. Akaajiriwa Heal's, duka la fanicha la Tottenham Court Road, London, watu walioanza na biashara ya magodoro tangu 1810, na mimi kama mtu wa fani nawaheshimu kwa hilo, godoro ndo bidhaa inayorudisha mteja. Yeye wakamweka upande wa vitu vya watoto, midoli, na akapanda mpaka akawa ndiye anayechagua na kununua mzigo. Watu wanasema tu "alikuwa muuza duka" kama vile alikuwa anafagia, kumbe mnunuzi wa mzigo ni mtu mzito, yeye ndo anaamua duka litauza nini msimu ujao, akikosea stoo inajaa vitu visivyotoka na bosi anakuita.

Kuhusu bosi. Bosi alikuwa Ambrose Heal mwenyewe, mwenye duka, mchoraji wa fanicha mwenye jina, mtu mzima mwenye mke. Na ndio, walikuwa na uhusiano. Sitazunguka, jambo lenyewe limeandikwa kwenye wasifu wake na wote wameshatangulia mbele ya haki. Nalitaja kwa sababu ya kilichofuata. Kwenye duka hilohilo alikuwepo kijana wa matangazo anaitwa Alec Beesley, mdogo kwake kwa miaka saba, na Alec ndiye akaja kuwa mtu wake wa maisha, rafiki, meneja, mume, dereva, msomaji wa kwanza, kila kitu. Huku uswahilini wangesema kamfuga. Basi waliishi pamoja mpaka uzeeni, kufugana gani huko.

Tukaja 1931. Mchezo unaitwa *Autumn Crocus*, unawekwa jukwaani London, mwandishi C.L. Anthony. Nani C.L. Anthony? Hakuna anayemjua. Stori yenyewe: mwalimu wa kike wa Kiingereza, maisha yamempita kidogo, kaenda likizo milima ya Tyrol, Austria, anampenda mwenye nyumba ya wageni, mwanaume mchangamfu kweli, halafu anagundua ana mke. Anaondoka kurudi kwao. Sasa wewe fanya hesabu zako na hicho nilichokuambia juu ya bosi wa duka, mimi nimefanya zangu. Mchezo ukapiga. Ukajaza. Na aliyeununua na kuuongoza ni Basil Dean, dairekta mkubwa wa wakati ule, ambaye huyohuyo miaka ya nyuma alishamwongoza Dodie kwenye kile kijinafasi cha mama kijana. Nimekaa nikaiwaza sana hii. Mtu aliyekuona umesimama nyuma kwenye mwanga mdogo, leo anatoa hela ya maneno yako ili wengine wayasimamie mbele.

Waandishi wa magazeti wakachimba, wakamjua C.L. Anthony ni nani, na vichwa vya habari vikatoka: dada wa dukani aandika mchezo. Hapo ndipo roho yangu inauma. Kwa sababu hiyo ni hadithi tamu, maskini kaokota lulu, kalala muuza midoli kaamka tajiri, magazeti yanapenda hivyo London na yanapenda hivyo Dar, hata leo kurasa za udaku zinaandika vilevile, "kutoka muuza mihogo hadi." Na kwenye hiyo hadithi miaka yote ya stejini imefutwa. Chuo kimefutwa. Portsmouth imefutwa. Wanajeshi wa Ufaransa wamefutwa, mjomba Harold kafutwa, mama aliyepita bila mstari kafutwa. Yaani kama vile mtu anaweza kutoka kaunta akajua lini mhusika aingie na lini atoke, lini watazamaji wacheke ili mstari unaofuata usimezwe na kicheko. Hayo hayafundishwi kaunta. Hayo anayajua mtu aliyesimama nyuma ya pazia na trei mkononi anasubiri zamu yake, anausikiliza mchezo mzima kila usiku, wiki baada ya wiki, kwa sababu hana mistari ya kuwaza.

Na hili ndo ninalobishana nalo na washkaji zangu wa zamani wa kikundi. Wao wanasema Dodie Smith ni mwigizaji aliyeshindwa akapata bahati kwenye kuandika. Mimi nasema starlingi wa mchezo anaujua upande wake tu. Anajua sini zake, anajua mwanga unampiga wapi, akitoka stejini anakunywa maji na kujipepea. Hausigeli ndo anaujua mchezo wote. Dada mmoja, namheshimu sana, kanitangulia kwenye hii kazi, akanijibu "Sawa mdogo wangu, lakini wangapi wamecheza hausigeli na hawajaandika hata barua?" Jibu sina, ila hoja yangu naishikilia, kwa sababu ukiziangalia kazi zake zenyewe unaiona.

Mfano mchezo wa pili, *Service*, 1932. Duka kubwa, hali ya uchumi mbaya, ni miaka ile ya mdororo dunia nzima, mwenye duka anapunguza wafanyakazi. Mwandishi mwingine angekaa ofisini kwa bosi mwanzo mwisho. Yeye anashuka mpaka kwa karani aliyefanya kazi miaka yote na leo anapewa barua, anamfuata mpaka nyumbani. Kalijua duka kwa kulitumikia, kamwandika karani kwa kumjua. Hollywood wakaubeba mwaka uliofuata ukawa filamu. Halafu *Call It a Day*, 1935, familia moja siku moja tu, kutoka asubuhi mpaka usiku, baba ana kishawishi chake, mama ana cha kwake, watoto kila mmoja na lake, na hausigeli pia wana maisha. Huu ulichezwa London mara 509. Mia tano na tisa! Sisi hapa mchezo ukichezwa wikiendi mbili tunapiga picha na keki. Na ni hapa ndipo alipoweka jina lake halisi, Dodie Smith, C.L. Anthony akapumzishwa. Alikuwa na miaka 39.

Mwaka 1938 akatoa *Dear Octopus*, na wahusika wakacheza watu wazito, Marie Tempest na John Gielgud. Octopus ni pweza, na pweza mwenyewe ni familia, mikono mingi, anakukumbatia hutoki, na moyoni wala hutaki sana kutoka. Babu na bibi wanatimiza miaka 50 ya ndoa, vizazi vinne vinarudi nyumbani. Ukinipa huo mchezo mimi nauhamishia Tanga au Bagamoyo na sibadilishi chochote zaidi ya chakula. Shangazi anayejifanya hajui, mtoto aliyekaa mbali miaka saba harudi na hasemi kwanini, wajukuu wanaosikiliza mlangoni. Ile nyumba ya watu wazima wanane ya Old Trafford ikawa imepata steji yake.

Baada ya hapo wakaenda Marekani. Sababu ni Alec, alikuwa mtu asiyekubali kushika silaha, na vita ilikuwa inanukia. Wakafunga ndoa huko 1939, wakakaa kumi na kitu miaka. Hela ilikuwepo, alikuwa anaandikia Hollywood, marafiki walikuwepo, ila alikuwa anaumwa na nyumbani. Na kujisikia vibaya pia, kwamba wenzake wanapigwa mabomu London yeye yuko California juani. Kutoka kwenye hayo maumivu kikatoka kitabu chake kizuri kuliko vyote, kwangu mimi, riwaya ya *I Capture the Castle*, 1948, riwaya ya kwanza ya mtu wa miaka 52. Familia imefulia kweli, sio kufulia kwa maneno ya mtaani, wanaishi kwenye ngome mbovu inayovuja, baba aliwahi kuandika kitabu kimoja kikubwa halafu akakauka kabisa, wanauza fanicha kipande kimoja kimoja wapate kula (hapo nikasikitika kitaalamu). Anayesimulia ni binti wa miaka 17, Cassandra, anaandika kila kitu kwenye daftari, na sentensi ya kwanza kabisa anasema anaandika akiwa amekaa ndani ya sinki la jikoni. Unaona kakaa wapi? Pembeni. Dada yake Rose ndo mrembo, ndo starlingi, ndo anatafutiwa tajiri wa Kimarekani. Cassandra yuko kwenye sinki anaona wote. Na kuna sehemu watoto wanaamua kumfungia baba yao kwenye mnara mpaka aandike, nilicheka nikafunika kitabu wateja wasinione.

Waliporudi Uingereza miaka ya 50 mambo yalikuwa yamebadilika. Mchezo wake mpya wa 1952 ukaanguka, watazamaji wa wakati huo walishahama, yale maigizo ya sebuleni waliyachoka. Mtu mwingine angeishia hapo, na hata yeye alikuwa na haki ya kuishia hapo, ana nyumba yake ya kuezekwa kwa nyasi huko Essex, ana mume, ana mbwa.

Sasa mbwa. Alec ndiye aliyempa mbwa wa kwanza wa aina hiyo ya madoa, miaka ya 30 hela ya michezo ilipoanza kuingia, wakamwita Pongo. Siku moja rafiki yao mmoja, mwigizaji mwenzake, akamwangalia Pongo akasema huyu angefaa kuwa koti. Utani tu. Dodie akauweka. Kauweka miaka ishirini! Katikati hapo, wakiwa Marekani, mbwa wao akazaa watoto 15 kwa mpigo, mmoja akatoka kama kafa, Alec akamhangaikia mpaka akapumua. Aliyeiona katuni anaikumbuka hiyo sini, yule mtoto anasuguliwa kwenye taulo mpaka anajitikisa. Kumbe ilitokea kweli.

Kitabu kina vitu ambavyo filamu iliviacha na vingine ni vitamu kuliko vilivyobaki. Kwenye kitabu mke wa Pongo haitwi Perdita, anaitwa Missis, Perdita ni mbwa mwingine kabisa aliyeletwa kusaidia kunyonyesha maana watoto ni wengi. Yule mama mbaya, Cruella de Vil, kwenye kitabu ana mume na mume ndo mfanyabiashara wa manyoya. Aliwahi kufukuzwa shule kwa kunywa wino. Na chakula cha nyumbani kwake chote kina ladha ya pilipili. Mimi nasoma hapo nasema huyu mwandishi anajua mhusika anavyoingia stejini, hujamwambia mtazamaji chochote, unampa tu pilipili na wino na nywele za rangi mbili, mwigizaji yeyote atakayepewa hiyo nafasi hawezi kuiharibu. Glenn Close alipewa 1996, kwenye ile filamu ya watu halisi, na wote tuliona alichofanya.

Katuni yenyewe ilitoka Januari 1961, mwaka uleule ambao mwezi wa kumi na mbili sisi tukapandisha bendera yetu. Tangu hapo jina la Disney likawa kubwa kuliko la kwake, kama vile mwanzoni alivyojificha nyuma ya Charles na nyuma ya C.L. Sidhani ilimkosesha usingizi, hela ya kulea mbwa ilikuwepo, kwa ujumla maishani alifuga tisa wa aina hiyo.

Uzeeni akaandika maisha yake mwenyewe, vitabu vinne, cha kwanza kimetoka 1974 ana miaka 78. Kama utatafuta kimoja tafuta hicho cha utoto, *Look Back with Love*, ndo kuna babu na wajomba. Cha pili ndo cha miaka ya uigizaji, na kinachonishangaza ni kwamba hajihurumii hata kidogo, anajicheka. Alec alifariki 1987, yeye akafuata Novemba 1990, ana miaka 94.

Watu wakiniuliza kama kwetu wapo wa hivi nawaambia wapo, Profesa Amandina Lihamba kaigiza, kaongoza, kaandika na kafundisha pale Mlimani, na hakuna aliyewahi kumwambia kafulia. Ila wale wa mitaani, wa vikundi vyetu, wa trei na juisi, wengi tunajua mchezo mzima na hatuandiki. Tunauza. Jioni tunasimuliana kwenye foleni ya mwendokasi jinsi filamu fulani ilivyoharibiwa na sini fulani, na tunakuwa sahihi kabisa, halafu basi linakuja.

Kwa hiyo tumeanza kidogo. Sisi wanne wa zamani wa kikundi tunakutana Jumapili stoo ya duka, katikati ya magodoro, bosi wangu kakubali ilimradi tusikalie bidhaa. Tunaandika mchezo wa duka la jumla Kariakoo ambalo wateja wote wamehamia kununua kwa simu. Tumeshapata karani mzee, mpiga debe, mama ntilie anayedai deni la chakula, na hausigeli wa tajiri anayekuja kununua kwa orodha. Kinachotusumbua ni mwenye duka. Kila mmoja wetu kamkataa, wanasema ana mistari mingi mno halafu haonekani kuchekesha, na dada yangu yule mbishi ndo wa kwanza kuing'ang'ania nafasi ya hausigeli.